Chakula kinachokaa: mwongozo wa kupunguza uzito kwa sisi tunaokula ugali, wali na chapati

Nenda Kariakoo asubuhi na mapema, pale wabeba magunia wanapopata kifungua kinywa. Hutawakuta na chai ya rangi na andazi moja. Utawakuta na chapati na maharage, na supu, au ugali wa jana uliopashwa moto. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa neno moja: "Kinakaa." Chakula kinakaa tumboni, mtu anafika mchana hajalegea.

Mimi nilichelewa sana kulielewa neno hilo. Nilikuwa na kilo 91 siku daktari aliponiambia sukari yangu ya asubuhi imeanza kupanda. Nikaweka kwenye simu programu ya kuhesabu kalori, nikajipangia kalori 1,500 kwa siku. Mchana dukani nilikula maandazi mawili na soda, kwa sababu hesabu ilikubali: kama kalori 500. Sahani ya makande ya mama ntilie wa jirani nayo ilikuwa kama 500 hizohizo, lakini maandazi nayala huku nahudumia wateja. Ikifika saa tisa alasiri nimechoka, saa kumi na moja niko kwenye daladala nawaza chipsi mayai, na usiku nakula kwa hasira. Siku chache nilizokula makande, nilifika nyumbani Tabata saa moja usiku ndipo nikakumbuka kuwa sijala kitu tangu mchana. Kalori ni zilezile. Njaa ndiyo iliyokuwa tofauti, na mtu anayeshinda na njaa kila siku hawezi kufika mwezi wa tatu, hata awe mvumilivu namna gani.

Leo nina kilo 78, na imenichukua miezi kumi na sita. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyafanya, pamoja na yale niliyojifunza kuhusu sababu zake.

Kabla ya kuanza

Kama unatumia dawa za kushusha sukari, hasa insulini, usibadili mlo kabla ya kuongea na anayekutibu, kwa sababu dozi iliyokutosha kwa ugali mkubwa inaweza kukuangusha ukila kidogo. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze maharage, samaki wala mayai kwa kufuata mwongozo wa mtu kama mimi. Mjamzito na anayenyonyesha wasitafute kupungua. Na kama unapungua wenyewe bila kujaribu, hilo si jambo la kushangilia: nenda kapime sukari, kifua kikuu na VVU.

Jambo lingine ni hili. Sisemi kwamba kalori ni uongo. Hesabu ya kwamba gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4 na gramu ya mafuta ina 9 ilitokana na kazi ya Mmarekani Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19, na bado inatusaidia. Lakini ni wastani tu. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima lozi nzima kwa watu wanaozila, wakakuta mwili unapata kalori 129 mahali ambapo lebo ilisema karibu 170. Mafuta mengine yalibaki yamefungiwa ndani ya vipande ambavyo meno hayakuvisaga, yakatoka chooni. Karanga nzima na karanga zilizosagwa nazo zina tofauti ya namna hiyo.

Jaribio lililonigeuza kabisa ni la mwaka 2019, la Kevin Hall na wenzake katika taasisi ya taifa ya afya ya Marekani. Walichukua watu 20, wakawaweka ndani, kila mmoja akala wiki mbili vyakula vya kiwandani na wiki mbili vyakula vya kawaida vilivyopikwa. Sahani zilizoletwa mezani zililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mtu aliambiwa ale kiasi anachotaka. Katika wiki za vyakula vya kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku, na walikula haraka zaidi. Waliongezeka takriban kilo moja. Katika wiki zile nyingine walipungua kiasi kama hicho. Hakuna aliyeambiwa ajinyime.

Hatua ya kwanza: andika saa ya njaa

Nunua daftari dogo la shule. Kwa siku saba usibadili chochote, ila andika mambo matatu: saa uliyokula, ulichokula, na saa njaa iliporudi. Kalori usiziandike.

Ugumu utakaoupata ni kutofautisha njaa na hamu. Mimi hutumia muhogo. Nikihisi nataka kula, najiuliza: ningeletewa kipande cha muhogo wa kuchemsha, bila chumvi wala pilipili, ningekula? Nikijibu ndiyo, hiyo ni njaa, naandika saa. Kama nataka kitu kitamu tu, au kitu cha kukaanga, au nataka kwa sababu mwenzangu anakula, hiyo ni hamu. Naiandika pembeni kwa herufi H.

Mwisho wa wiki chora mstari chini ya kila mlo uliokaa saa nne au zaidi. Milo hiyo ndiyo mali yako. Kwangu ilikuwa makande, ugali wa dona na dagaa, viazi vitamu kwa mayai, na ndizi za kupika na nyama. Milo iliyokaa chini ya saa mbili ilikuwa maandazi na chai, vitumbua, mkate mweupe na siagi, na tambi zile za pakiti za kumwagia maji ya moto. Yako inaweza kuwa tofauti kidogo, kwa sababu matumbo hayafanani, na ndiyo maana daftari la mtu mwingine halitakufaa.

Hatua ya pili: anza na unachokunywa

Kama una nguvu ya kubadili jambo moja tu, badili hili.

Soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Soda moja imeshapita. Ila ubaya wake hauishii kwenye wingi wa sukari. Mwaka 2000 watafiti wa chuo kikuu cha Purdue, Marekani, waliwapa watu 15 kalori 450 za ziada kila siku, kwanza kwa peremende za kutafuna na kisha kwa soda, au kinyume chake, wiki nne kila upande. Walipokula peremende walipunguza chakula kingine bila kuambiwa, mwili ukafidia. Walipokunywa soda hawakupunguza kitu, uzito ukapanda. Tumbo halikuihesabu soda kama chakula.

Juisi nayo imo humo, hata ile uliyoikamua mwenyewe. Zamani, mwaka 1977, Waingereza walilinganisha tufaha zima, tufaha lililopondwa na juisi ya tufaha yenye sukari kiasi kilekile. Juisi ilishibisha watu kwa uchache kuliko vyote, na ilinywewa mara kumi na moja haraka zaidi ya tufaha zima lilivyoliwa. Fikiria machungwa yetu. Muuzaji anamenya, anakata juu, tunafyonza maji, tunatupa nyama yote. Tunachotupa ndicho kinachokaa. Omba chungwa limenywe na likatwe vipande, ule nyama yake. Embe nalo ulitafune, usilisage.

Chai ndiyo iliyonipa shida zaidi. Nilikuwa na vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja: vijiko kumi na viwili vya sukari kabla sijagusa chakula. Usikate zote siku moja, utarudi nyuma kwa hasira. Punguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, na kila unapopunguza ongeza kitu cha kunukia: tangawizi ya kutwanga, iliki, mdalasini, au mchaichai kama unaota uani. Ulimi huzoea. Mimi nilifika sifuri mwezi wa tatu, na sasa chai ya sukari ya watu wengine inanikinaisha.

Soda zisizo na sukari zinaweza kumvusha mtu kwa muda, lakini usizifanye ndizo dawa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu visivyo na sukari visitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Bia ya nusu lita ina kama kalori 200, nayo humleta mwenzake, na nyama choma na chipsi za kuisindikiza.

Hatua ya tatu: kifungua kinywa kisitoke kwenye karai la mafuta

Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walifanya jambo ambalo ningependa lingefanywa kwa vyakula vyetu. Walichukua vyakula 38, kila kimoja kipimo cha kalori 240, wakawalisha watu na kuwauliza kwa saa mbili wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ulipewa alama 100. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, samaki 225, machungwa 202, mayai 150. Donati, ambazo ni ndugu wa maandazi yetu, zilipata 68. Viazi vilevile vilivyokaangwa kuwa chipsi vilipata 116.

Rudia hapo kwenye viazi. Kiazi ni kilekile, kalori ni zilezile 240, ila cha kuchemsha kimeshibisha karibu mara tatu ya cha kukaanga, kwa sababu bila mafuta kalori 240 ni rundo kubwa la viazi, lenye maji ndani yake, linalotanua tumbo. Waliojaribiwa kwa kila chakula walikuwa wachache na muda ulikuwa saa mbili tu, kwa hiyo usiing'ang'anie kila namba. Mpangilio wake, hata hivyo, ulifanana sana na daftari langu.

Asubuhi basi chagua kimoja: viazi vitamu, magimbi au muhogo wa kuchemsha, na yai au maharage ya jana pembeni. Au uji mzito wa ulezi wenye karanga zilizopondwa, bila sukari au kwa kijiko kimoja, ukiunywa polepole kwa kijiko. Au supu ya samaki na ndizi mbili za kuchemsha. Mtu anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri atasema hana muda. Chemsha viazi usiku wakati unapika chakula cha jioni, viweke kwenye kontena, beba. Viazi na wali vikipoa, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa mgumu kumeng'enywa, na hiyo ni faida ndogo juu ya faida. Faida ni ndogo kweli, kwa hiyo usile sinia la kiporo cha wali kwa kuitegemea. Wali ukikaa nje usiku kucha unaweza kukuharisha. Uweke kwenye friji, au upike upya.

Hatua ya nne: badili sufuria ya nyumba nzima

Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Mtu anajipikia chakula chake cha peke yake, saladi na kuku asiye na ngozi, watoto wanakula wali na mchuzi. Wiki ya pili anachoka kupika mara mbili. Kwetu tunakula kutoka sufuria moja, kwa hiyo sufuria hiyo ndiyo ibadilike, taratibu, bila hotuba.

Anza na unga. Sembe imekobolewa: pumba na kiini vimeondoka, umebaki wanga mweupe unaomeng'enywa haraka. Dona ina kila kitu. Katika gramu 100 za unga wa mahindi yasiyokobolewa kuna nyuzinyuzi kama gramu 7. Yakikobolewa na kuondolewa kiini hubaki kama 4. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, na wengi wetu mjini hatufiki. Nyumbani kwangu walilalamika kwamba dona ni nyeusi na inakwaruza koo. Nikachanganya robo dona na robo tatu sembe kwa wiki mbili, kisha nusu kwa nusu, kisha nikaacha kusema. Mwezi wa pili hakuna aliyeuliza.

Lakini chagua mahindi yako. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyokauka vibaya, hujikusanya zaidi kwenye pumba na kiini, yaani kwenye kile ambacho dona inakibakiza. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo. Nunua mahindi makavu kabisa, yachambue kwa mkono, toa yaliyovunjika, yenye ukungu na yaliyobadilika rangi, kisha upeleke mashineni mwenyewe. Kama huna uhakika na unga wa dona dukani, bora ubaki na sembe na utafute nyuzinyuzi kwenye maharage.

Na maharage, jamani, tuyaheshimu. Maharage, kunde, choroko, mbaazi, njegere: vina protini na nyuzinyuzi kwa pamoja, na bei yake mwananchi anaimudu. Makande ya mahindi mazima na maharage ni mlo ambao mtaalamu wa lishe wa nchi yoyote angeufurahia. Wakati wa ukoloni daktari wa upasuaji Mwairishi, Denis Burkitt, alifanya kazi Uganda katika hospitali ya Mulago. Mwenzake Hugh Trowell alitibu Kenya na Uganda kwa miaka mingi. Waliporudi kwao walijiuliza kwa nini kufunga choo, kisukari na unene vilivyojaa Uingereza walikuwa wameviona kwa nadra kwa wanavijiji wa Uganda. Katika miaka ya 1970 wakawaambia Wazungu kwamba chakula kilichokobolewa kinawaumiza. Elimu hiyo ilitoka kwenye vyungu vyetu, na wakati wanaifundisha huko, sisi mijini tulikuwa tunahamia kwenye sembe na mkate mweupe.

Nyuzinyuzi hufanya kazi kwa njia kadhaa. Nyingine hufyonza maji na kuwa kama ute, ule unaouona kwenye bamia na mlenda, na ute huo huchelewesha chakula kutoka tumboni na sukari kuingia kwenye damu. Nyingine hufika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wakazila. Na chakula kinachofika mbali utumboni huamsha homoni zinazouambia ubongo "tosha". Mojawapo ni GLP-1, ileile inayoigwa na sindano za kupunguza uzito zinazovuma sasa. Chungu cha maharage hakina nguvu ya sindano. Ila kinagonga mlango uleule.

Gesi itakusumbua ukiongeza maharage kwa pupa. Yaloweke usiku, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, yaive mpaka yalainike kabisa. Ongeza upawa mmoja kwa wiki na unywe maji.

Hatua ya tano: namna ya kupakua, na namna ya kuagiza

Sahani iwe hivi: nusu mboga za majani na kachumbari, robo maharage au samaki au nyama au mayai, robo ugali au wali. Mchicha, matembele, kisamvu, mlenda, vyote vinafaa. Anza kula mboga na maharage, wanga uje mwisho. Mwaka 2015 madaktari wa New York waliwapa wagonjwa 11 wa kisukari mlo mmoja kwa mipangilio miwili. Walipoanza na mboga na nyama, wanga ukaja baadaye, sukari ya damu ilipanda kwa uchache zaidi sana. Kwa uzito faida yake kwangu imekuwa rahisi kuieleza: nikifika kwenye ugali njaa kali imeshapita.

Kwa mama ntilie inabidi useme, kwa sababu yeye kwa upendo atakujazia wali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikupe wali nyama?"

"Naomba wali nusu, maharage upawa miwili, na mchicha mwingi."

"Nusu? Unaumwa?"

"Siumwi mama. Napunguza mwili."

"Haya. Ila bei ni ileile."

Kubali bei ileile. Baada ya wiki mbili atakuwa anakupakulia hivyo kabla hujakaa.

Katika kila mlo pawepo na protini, hata kidogo. Mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya kalori za protini katika kuimeng'enya tu, wakati kwa wanga ni 5 hadi 10, na mafuta ni karibu sifuri hadi 3. Pia mtu anayepungua bila kula protini ya kutosha hupoteza misuli pamoja na mafuta, akabaki mwembamba asiye na nguvu. Si lazima iwe nyama. Dagaa wakavu wana protini nyingi kuliko nyama kwa uzito uleule. Waoshe vizuri mchanga utoke, wapike kwa nyanya, vitunguu na limau.

Hatua ya sita: pima mafuta ya kupikia kwa chupa

Hapa hesabu ya kalori inafaa kabisa, kwa sababu mafuta hayatanui tumbo wala hayatafunwi. Kijiko kimoja cha chakula kina kama kalori 120. Lakini nani anapima kijiko akikaanga vitunguu? Pima chupa. Andika tarehe juu ya chupa ya lita moja siku unayoifungua. Kwetu tuko sita, na lita ilikuwa ikiisha kwa siku tatu. Lita ina zaidi ya kalori 8,000. Gawa kwa watu sita na siku tatu, kila mmoja wetu alikuwa anapata takriban kalori 450 kwa siku kwa mafuta peke yake, kabla ya nazi na karanga. Sasa lita inakaa siku saba. Sikuacha kukaanga vitunguu. Nilichofanya ni kuacha kukaanga samaki aliyeweza kupikwa mchuzi au kuchomwa, na chapati zikawa za Ijumaa tu.

Hatua ya saba: vya pakiti

Biskuti, vibanzi vya viazi vya pakiti, soseji, tambi za haraka, keki za kufungwa. Mtafiti wa lishe Mbrazili, Carlos Monteiro, ndiye aliyetufundisha kuvipanga vyakula kwa kadiri vilivyosindikwa badala ya kuangalia tu sukari na mafuta vilivyomo. Vinayeyuka mdomoni, havitaki kutafunwa, vimekwisha kabla tumbo halijapata habari. Mimi sinunui vya kuweka ndani. Mtoto akitaka biskuti anapewa hela anunue moja, haingii katoni nyumbani.

Mwaka 2025 watafiti wa Moshi wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi walitoa matokeo ya utafiti uliowahusisha wanaume 77 wa Kilimanjaro. Wale wa kijijini walioacha ndizi, kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage), maharage na mboga wakala vya mjini vilivyosindikwa kwa wiki mbili, damu yao ilionyesha kupanda kwa protini zile zinazopanda mwili unapokuwa kama unapigana na ugonjwa. Wa mjini waliorudi kwenye chakula cha kijijini walipata nafuu upande huo. Utafiti ule haukuwa wa kupunguza uzito. Ninautaja kwa sababu wiki mbili ni muda mfupi sana, na walioonyesha hayo ni watu wetu.

Kuhusu mazoezi, kwa ufupi

Wahadzabe wa pembeni mwa Ziwa Eyasi hutembea kwa maili nyingi kila siku wakiwinda, kuchimba mizizi na kutafuta asali. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu wanayotumia kwa siku, wakakuta, ukizingatia ukubwa wa mwili, haizidi ile ya Wamarekani wanaokaa ofisini. Mwili hubana matumizi mahali pengine. Tembea kwa ajili ya moyo, sukari, usingizi na akili yako. Usitembee ili ulipie chipsi.

Hatua ya nane: kujipima, na watu

Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kwenda msalani na kabla ya kula. Uzito unaopanda na kushuka kwa siku moja ni maji na chumvi tu, utakukatisha tamaa bure. Pamoja na mizani tumia kamba: izungushe kiunoni usawa wa kitovu, funga fundo. Kila mwezi funga fundo jipya. Kuna miezi mizani yangu iligoma na fundo likasogea. Kwa mwezi, kilo moja au mbili ni mwendo mzuri. Mimi nilikuwa chini ya hapo.

Watu watasema. Kwetu kupungua bado kunaleta maswali, na wengine watanong'ona kwamba una ugonjwa. Shangazi yangu alinishika mkono msibani akaniuliza taratibu, "Una nini, mwanangu?" Nilimwambia sukari ilianza kupanda, namfuata daktari, na leo nakula vile alivyotulisha yeye tukiwa wadogo. Hakuuliza tena, na siku hizi nikienda kwake ananiwekea magimbi. Ukialikwa, usikatae chakula cha mwenyeji. Pakua mboga kwanza, kula taratibu, sifu mapishi. Shughuli moja haijawahi kumnenepesha mtu.

Ikitokea uzito umegoma miezi miwili na kamba nayo imegoma, usipunguze chakula. Rudi kwenye daftari kwa siku tatu, uandike saa ya njaa kama mwanzo, pamoja na kila unachoonja jikoni. Nilipofanya hivyo mara ya mwisho nilikuta kikombe cha karanga za kukaangwa kila jioni mbele ya taarifa ya habari, na chapati ya Ijumaa iliyokuwa imeanza kuja na Jumanne pia.